Nilivyoviuza Vidole vya Keyon

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeshushwa! Kocha Stubbs, anayetufundisha sisi wadakaji wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ameniita kando asubuhi na kunieleza kwa upole. Afadhali angenifokea. Kuanzia Jumamosi hii, Keyon Battiste ndiye atakayeanza upande wa kushoto. Mimi benchi. Nikamwuliza mpaka lini. Akasema tutaona. Nina miaka ishirini na tatu na huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni. Tutaona nini?

Keyon ana miaka kumi na tisa. Alikuja Agosti kutoka Louisiana na begi moja. Mwezi uliopita hata wapishi wa bwaloni walikuwa hawamjui. Halafu Colby, mrushaji wetu, akatupa mpira mmoja mrefu wa kubahatisha, na kijana akaukimbilia kana kwamba walikuwa na miadi. Tangu hapo kila Jumamosi anadaka ya mbali. Yadi arobaini. Yadi hamsini na tano. Juzi sabini na moja, mabeki wa watu wamebaki nyuma wanasoma namba mgongoni mwake.

Mchana nikaenda kunyolewa. Mzee Otha, kinyozi wetu, amebandika ukurasa wa gazeti la mji kwenye kioo. Keyon yuko hewani na mpira. Pembeni ya picha kuna kiwiko. Nikamweleza Otha kwamba kiwiko kile ni changu. Akavaa miwani, akasogea, akakitazama kwa muda.

"Kiwiko kizuri, Babu," akasema.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Timu ndiyo iliyoanza kuniita Babu kwa sababu ya umri. Sasa naona na mji umepokea.

Bibi Ernestine, aliyenilea, kapiga simu. Nilidhani ananipa pole. Kumbe anataka nimpatie sahihi ya Keyon.

Sina chuki na mtoto wa watu. Naandika ili ijulikane. Ila nina mpango.

Jumanne, 15 Oktoba

Mpango: kikao cha wadakaji huwa saa moja asubuhi, chumba cha video. Kocha Stubbs hawezi kumvumilia mchelewaji. Basi wakati wa chakula cha usiku jana nilimnong'oneza Keyon kwamba kikao kimesogezwa hadi saa mbili, jengo la zamani. Akanishukuru. Akaniita kaka Rodell. Ni yeye tu katika timu anayeniita hivyo.

Leo saa moja kamili nimeketi mstari wa mbele, kalamu mkononi. Kocha akaingia. Akatazama viti. Sita vitupu. Mimi peke yangu kama mgonjwa aliyewahi zahanati.

Kumbe Keyon, kwa wema wake, alipita chumba kwa chumba kuwaarifu wote!

Saa mbili na dakika tano wakarudi wanahema kutoka jengo la zamani. Kocha akauliza ni nani aliyetoa habari hizo. Nikatazama kalamu yangu. Ilikuwa ya buluu. Keyon akanitazama mara moja tu, kisha akasema nadhani mimi nilisikia vibaya, Kocha, kosa langu. Akapewa adhabu ya kupanda na kushuka ngazi za jukwaa la uwanja mara ishirini.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi ya kusema kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho. Badala yake nilikwenda bwaloni nikala mayai. Hayakupita vizuri.

Alipomaliza alikuja kukaa nami, jasho linamtiririka. Akasema pole kaka Rodell, sijui nilikuelewa vipi. Nikamwambia awe makini siku nyingine. Nilimwambia hivyo kweli. Kwa kinywa changu hiki.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo mpango wa upole zaidi, hauna uongo ndani yake. Nilimwalika Keyon kwa Bibi kwa chakula cha mchana. Hakuna binadamu anayeweza kukimbia baada ya meza ya Bibi. Kambare wa kukaanga, mkate wa mahindi, mboga za majani zilizochemshwa na mguu wa nguruwe, makaroni yenye jibini, pai ya viazi vitamu. Mazoezi yanaanza saa tisa. Hesabu ni rahisi.

Keyon akasitasita kupakua. Hapo nikamwonyesha mfano. Nikajaza sahani, naye akajaza. Nikaongeza, akaongeza. Bibi akafurahi mpaka akatoa sahani za wageni. Kisha Keyon akaosha vyombo vyote. Akaona kibao cha ngazi ya barazani kimelegea, akaomba nyundo, akakigongelea. Kibao hicho nimekiruka tangu Pasaka. Bibi akaniuliza kwa sauti kubwa kwa nini Mungu hakumpa mjukuu kama huyu. Nikamkumbusha kwamba nimekaa hapa. Akasema anaona.

Saa tisa uwanjani. Keyon alikimbia kama aliyekunywa petroli. Mara ya kwanza akampita beki kwa hatua tatu. Mara ya pili kwa hatua tano. Mimi mara ya kwanza nilifika nusu. Mara ya pili nilifika nyuma ya pipa la maji, na huko ndiko kambare wote walikotoka. Bendi ya chuo ilikuwa inafanya mazoezi upande huo. Matarumbeta yakanyamaza moja baada ya jingine.

Keyon ndiye aliyeniletea taulo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sitaki kuandika ya leo. Lakini nikiacha siku za aibu, daftari hili litabaki na jalada tu.

Jumamosi tunacheza na Marlow. Beki wao wa kona ni binamu yangu Lavon, mjukuu mwenzangu kwa Bibi. Tangu utotoni Lavon ananishinda kila kitu, na kila akishinda hunitumia salamu. Mchana akapiga simu.

"Nasikia wamekuweka benchi, Babu! Na jina hilo limefika huku, usishangae. Nije na kigoda ukalie?"

Nikamwambia asinichekee mimi, amwogope Keyon. Akasema huyo mtoto wa picha ya gazeti? Atamlaza kabla ya mapumziko. Nikasema hutamwona hata vumbi. Akasema nitamwona tu, vijana wa mbio ni mbio tu, hawana kichwa. Tukabishana. Akaniambia hata sijui mpira, ndiyo maana nakaa. Na hapo, ili tu kumwonyesha kwamba naujua mpira, ikanitoka.

Nikamwambia kwamba Keyon, kila anapokwenda mbali, hulamba vidole vya mkono wa kulia kabla ya mpira kuanzishwa. Akienda karibu, halambi. Nimeliona wiki mbili sasa. Hakuna mwingine aliyeliona, hata Kocha.

Lavon akaomba nirudie, polepole. Lavon hajawahi kuniomba kitu maishani. Kisha akasema, "Aisee, kumbe unaujua mpira."

Nilifurahi. Hilo ndilo linalonichoma. Kwa muda wa dakika nzima hivi nilifurahi kusifiwa na Lavon. Halafu nikaenda kunawa mikono, nikainawa tena, sijui kwa nini.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimekwisha!

Baada ya mazoezi mepesi Keyon akaniomba tukae chumba cha video, nimwangalizie makosa. Akafunga mlango. Akasema kuna jambo hajamwambia mtu. Yeye hayupo chuoni kwa ufadhili. Alikuja kujaribu bahati tu, na mama yake, anayesafisha samaki kiwandani kule kwao, hataweza kumlipia zaidi ya Desemba. Kocha amemwambia kwamba baada ya mechi ya kesho ndipo wakubwa wataamua kama wampe nafasi. Mama yake anakuja kwa basi. Hajawahi kumwona akicheza hapa.

"Nikivurunda kesho, kaka Rodell, Krismasi narudi nyumbani na sirudi tena huku," akasema.

Nikamwambia hatavurunda.

Kisha akawasha video. Nilitarajia kumwona yeye. Ilikuwa mimi! Mimi wa miaka mitatu iliyopita, namba kumi na saba, mwembamba, nadaka mpira wa yadi sitini dhidi ya hao hao Marlow. Akasema alipokuwa sekondari alizitafuta video zangu zote akazitazama mpaka akazikariri. Ndiyo sababu alichagua chuo hiki. Anavyoanza kukimbia, anavyogeuza bega, vyote kavitoa kwangu. Akacheka kidogo kwa haya.

"Hata hii nimekuiga," akasema, akasimamisha picha.

Pale kwenye skrini nilikuwa nimesimama kwenye mstari, nimeinama, nalamba vidole vyangu vya mkono wa kulia.

Sikujua. Miaka minne uwanjani, sikujua.

Nikatoka nikampigia Lavon. Hapokei. Nikamwandikia kwamba ile ya jana ilikuwa mzaha. Akajibu kwa vicheko vingi na kusema kocha wao amekwisha kuichora ubaoni, na wanaushukuru mzaha huo.

Ningerudi ndani nikamwambia Keyon. Mlango ulikuwa hatua kumi. Lakini kumwonya ni kukiri, na kukiri kwa mtu aliyezikariri video zako ni jambo gumu mno kwa siku ya Ijumaa. Nikasema nitamwambia kesho asubuhi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Asubuhi sikumwambia. Alikuwa amefumba macho anasali, ningemkatizaje.

Mama yake alikuwa safu ya tatu, karibu na Bibi. Amevaa fulana aliyoishonea namba themanini na nne kwa kitambaa cha pazia.

Mpira ukaanza. Keyon akalamba vidole. Mabeki wawili wa Marlow wakarudi nyuma mbio kabla hata Colby hajaugusa mpira. Colby akatupa, wakaudaka wao. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu Keyon aliruka juu katikati yao, na Lavon akamgonga mbavuni hewani. Alianguka vibaya. Kutoka safu ya tatu nikasikia mama yake akiita jina lake mara moja tu, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto.

Wakamtoa akiwa ameshika mbavu. Kocha Stubbs akageuka.

"Pickens! Ingia!"

Wiki nzima nimeota neno hilo. Nikaingia. Nikajiambia usilambe, Rodell, usilambe. Nilijiambia hivyo kwa nguvu kiasi kwamba nilipoinama mkono ulikuwa tayari mdomoni. Watatu wakanijia! Sikuugusa mpira. Lavon alinilaza chali, akaniinamia, kofia yake ngumu ikagusa yangu.

"Asante, binamu," akasema.

Mapumziko tulikuwa nyuma, kumi na nne kwa tatu.

Kipindi cha pili daktari akamruhusu Keyon kurudi. Ni mchubuko, hakuna kilichovunjika. Alikuwa anafunga kamba za kofia, uso umemshuka. Akaniambia, "Hawa watu wanajua ninakokwenda kabla yangu. Nimekwisha, kaka."

Nikamtazama mama yake pale juu. Alikuwa ameshikana mikono na Bibi. Nikamwambia Keyon asikilize vizuri. Ukienda karibu, lamba. Ukienda mbali, usilambe. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimeona tu.

Nimeona tu!

Akalamba. Mabeki wakakimbilia nyuma kama kuku waliotupiwa jiwe, naye akasimama palepale peke yake, akadaka kiulaini, akakimbia mpaka akavuka mstari wa mwisho, pointi saba. Kumi kwa kumi na nne. Zikiwa zimebaki dakika mbili, akainama, mikono magotini, hakulamba kitu. Lavon akasogea karibu kumsubiri. Keyon akampita. Lavon akageuka na kuona namba tu. Colby akautupa mpira juu kabisa, ukakaa huko hewani muda mrefu, na kijana akafika chini yake kwa wakati wake, bila haraka. Yadi sitini na tatu. Kumi na saba kwa kumi na nne.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kocha akanyamazisha watu. Akasema kila mechi mpira wa ushindi hupewa aliyeiokoa timu, na Keyon mwenyewe amesema nani aligundua siri ya vidole. Akanikabidhi mimi. Wakapiga makofi. Wakaimba Babu, Babu.

Nikaupokea. Kwa mikono miwili.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani mchungaji akanisimamisha. Akasema kuna vijana wanaotafuta utukufu wao, na kuna wanaoutoa kwa wenzao. Kofia ya Bibi ilikuwa inatetemeka kwa fahari. Nikasimama nikiwa nimetazama viatu. Watu wakasema ona unyenyekevu ule.

Nje, mama yake Keyon akanikumbatia. Mikono yake ina makovu madogo madogo ya miiba ya samaki. Akasema sasa atapanda basi bila wasiwasi, kwa kuwa anajua mwanawe ana kaka huku. Nilitaka ardhi inimeze.

Bibi akawaalika wote kwa chakula. Na kwa kuwa ni Jumapili, nani mwingine akaja? Lavon. Mjukuu mwenye haki zake. Nikamwahi barazani, nikamkanyaga mguu, nikamkonyeza. Akaniuliza jicho lina nini.

Mezani alimpa Keyon mkono, akamsifu kiungwana. Kisha akanigeukia mimi, kinywa kimejaa kuku.

"Lakini wewe Rodell nitakuelewa lini? Alhamisi unanipa siri ya vidole, Jumamosi unaichukua. Kocha wetu alitaka kunitoa roho!"

Hakuna aliyecheka. Lavon akatazama huku na huku, akaacha kutafuna. Akasema, "Kwani hawajui?"

Keyon akaweka uma chini. Hakuurusha. Aliuweka tu, sambamba na kisu.

"Alhamisi," akasema. "Basi Ijumaa nilipokueleza habari zangu, ulikuwa umeshasema."

Nikasema ndiyo.

"Na za Jumanne? Kile kikao?"

Nikasema ndiyo.

Akaniuliza kama kuna kingine. Nikamwambia kambare. Hakuelewa, wala sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Mama yake alisema kwa sauti ya chini, hakunitazama, "Na mimi nimemkumbatia pale kanisani." Basi. Bibi akainuka, akachukua sahani yangu iliyojaa, akaipeleka jikoni. Wakaendelea kula bila mimi, nami nimekaa hapo hapo mbele ya kitambaa cha meza.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimemrudishia Kocha Stubbs mpira. Nimemweleza yote, kuanzia saa moja ya Jumanne. Alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema katika miaka thelathini ameona watu wakihujumu timu kwa ulevi, kwa uvivu, kwa wasichana. Kwa kutaka kusifiwa na binamu, hajaona. Nitabeba maji na mikoba ya mipira mpaka msimu uishe. Nitapanda ngazi za jukwaa mara arobaini kila siku. Kuvaa jezi tena au kutovaa, atamwuliza Keyon.

Keyon amepata ufadhili. Miaka yote iliyobaki. Nilisikia kwa wengine.

Nikamfuata nje ya bwalo kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikasema, "Nisamehe, Keyon." Mengine yakapotea.

Alifikiri kabla ya kujibu. Akasema wenzetu hatawaambia, kwa hiyo nisiogope. Akasema video zangu bado ni nzuri, yule wa kwenye video hana kosa. "Ila usikae meza yangu, Pickens."

Pickens. Si kaka Rodell. Nimesimama pale mpaka watu wakaanza kunizunguka na sinia zao.

Jumatano, 23 Oktoba

Ngazi mara arobaini jana. Mara arobaini leo. Mtu akipanda ngazi anapata muda wa kujitafakari, na mimi nimejitafakari sana. Nimebadilika. Nasema kwa moyo wangu wote: ujanja nimeuacha. Msamaha hautafutwi kwa ujanja, hutafutwa kwa subira na ukweli.

Tatizo ni kwamba subira inachukua muda, na msimu umebaki wiki tano.

Mara ya thelathini na mbili hivi, wazo likanijia. Keyon ana heshima sana kwa wazee. Basi nimemwandikia barua, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko utetemeke. Inatoka kwa Bi. Mavis, mjane wa miaka themanini na moja, shabiki wa timu. Anasema hamjui Keyon wala hamjui Rodell Pickens, ila juzi alipita karibu na uwanja akamwona kijana mmoja akipanda ngazi, na kamwe hajapata kuona uso wenye majuto namna ile. Anamsihi, kama kijana huyo amemkosea mtu, asamehewe mapema, ikiwezekana kabla ya mechi ya Jumamosi ya wiki ijayo. Nimesoma mara tatu. Mara ya tatu nilitokwa na machozi.

Nimeshaiposti. Ilihitaji anwani ya mtumaji nyuma ya bahasha ili isishukiwe. Haraka haraka sikukumbuka nyingine, nikaandika ya Bibi.